Maskini Sultani

Usiku ule Mustafa aliponyongwa, sebule yetu ya Mbagala ilikuwa na watu kumi na mmoja. Nakumbuka idadi kwa sababu mimi ndiye niliyegawa viti, na vilipokwisha nikagawa ndoo. Majirani wawili vifurushi vyao vilikuwa vimeisha, mmoja LUKU ilikuwa imekata, na waliobaki walikuja tu kwa sababu tamthilia ya Sultan haiangaliwi peke yako. Naizungumzia ile ya Kituruki iliyotiwa sauti za Kiswahili na kuonyeshwa Azam Two, inayomhusu Suleiman aliyetawala dola ya Osmani. Mwaka 1536 aliamuru auawe Ibrahim Pasha, rafiki yake wa ujanani. Mwaka 1553 ikawa zamu ya Mustafa, mwanawe wa kumzaa. Hayo yamo kwenye vitabu vya historia, hakuna mwandishi wa tamthilia aliyeyatunga.

Mtoto anaitwa hemani kwa baba. Anaingia bila silaha. Wanyongaji wanamrukia, anapigana, anaita, na baba yupo palepale nyuma ya pazia. Kisha kamera inamgeukia baba. Uso, ndevu, machozi.

Mama yangu akajifuta macho kwa pindo la kanga. Akasema, "Maskini Sultani."

Hakumtaja Mustafa aliyekuwa sakafuni na kamba shingoni. Na hakuna aliyemshangaa, kwa sababu sote tulikuwa tunamlilia huyohuyo. Mimi mwenyewe, msomi wa nyumba, mwanafunzi wa uzamili wa fasihi, nilikuwa nimekaa juu ya ndoo namlilia mtu aliyetoka kumuua mwanawe.

Sina haja ya kujifanya. Nawapenda hawa wanaume. Isidingo ilipokuwa inaonyeshwa ITV nilikuwa shule ya msingi, Kiingereza changu kikiishia kumsalimia mwalimu, lakini Barker Haines hakuhitaji mkalimani. Robert Whitehead aliyemwigiza alikuwa na namna ya kuongea polepole, kama mtu anayekuandalia chai, huku unaona kabisa kwamba anayeongea naye hatoki salama. Tulimchukia na tulimsubiri. Siku asipotokea, Isidingo ilikuwa haijanoga.

Kaka zetu walikuwa na elimu yao nyingine. Kwenye kibanda umiza cha Tandika dunia ilikuwa na watu wawili tu, steringi na adui. Mkiingia mmechelewa mnauliza swali moja, "Steringi nani?", mnaonyeshwa, mnakaa. Mkanda ukiwa umetafsiriwa na Lufufu au DJ Mark, sauti yake inakupa na hukumu hapohapo, kwamba huyu jamaa mwangalie, ni mbaya huyu. Na steringi hafi. Tamthilia ilichofanya ni kumchukua steringi na adui ikawavika shati moja, na tangu hapo kila jioni hujui ni yupi kati yao atafungua mlango. Ukiniuliza mhuni wa kwenye tamthilia ana utamu gani, nitakutajia huo. Sura nzuri inasaidia, sikatai, lakini sura nzuri tu ingetuchosha wiki ya pili.

Mjomba wangu anazo nadharia zake. Anasema tamthilia zinawafundisha mabinti kupenda wahuni. Mjomba, shikamoo, lakini hapana. Bara tumeanza kuwa na televisheni mwaka 1994. Kezilahabi alichapisha Rosa Mistika mwaka 1971, na mle ndani wahuni wapo wa kutosha, na baba mlevi anayepiga watoto yupo, na binti anayelipa deni la wote kwa uhai wake yupo. Hakuna king'amuzi kilichomfundisha mtu lolote pale.

Tena dawa anayoitaka mjomba, kwamba mwanaume mbaya aonyeshwe akiadhibiwa ili watu wajifunze, ilishajaribiwa hapahapa, na ilijaribiwa vizuri. Julai 1993 Radio Tanzania ilianza kurusha Twende na Wakati. Ilitengenezwa kwa mbinu ya Miguel Sabido, Mmeksiko aliyegundua miaka ya 1970 kwamba tamthilia inaweza kufundisha uzazi wa mpango na kusoma na kuandika, mradi uwe na mhusika mwema, mhusika mbaya, na mhusika wa katikati anayesitasita. Mbaya wetu aliitwa Mkwaju, dereva wa malori ya masafa, mnywaji, mwenye wanawake kila kituo. Akapata UKIMWI. Mkewe, Tunu, alianza akiwa mtu wa kuvumilia tu, akaishia na biashara yake ndogo na uamuzi wake wa kuondoka. Watafiti walifanya jambo la ajabu kidogo: kwa miaka miwili ya mwanzo mchezo haukurushwa Dodoma, ili wapate wa kuwalinganisha na wasikilizaji wa kwingine. Mama yangu amekulia Dodoma. Nilipomsimulia alinyamaza, halafu akasema, "Kwa hiyo sisi tulifichwa Mkwaju makusudi?" Mpaka leo jambo dogo likiharibika hapa nyumbani lawama anapewa Mkwaju aliyefichwa.

Mchezo ulifanya kazi, nalisema hilo bila kuminya. Utafiti ulionyesha waliousikiliza walipunguza idadi ya wapenzi na kuongeza kutumia kondomu. Lakini angalia ulichofundisha: kwamba mwanaume mbaya atakufa. Dada zangu wa Temeke hawana shida ya kuamini kwamba Mkwaju ni mbaya. Shida yao ni mwanaume ambaye hafi, haugui, Jumamosi anamnunulia mtoto viatu, Jumapili anaswali au anasali, na Jumatatu anapiga. Kwa huyo Mkwaju hana msaada wowote. Tena hata adui aliyepakwa rangi nyeusi tupu hana uhakika wa kuchukiwa. Marekani walitengeneza mchezo wa kumcheka mzee mbaguzi, Archie Bunker, wakauanzisha mwaka 1971. Mwaka 1974 Vidmar na Rokeach wakatoa utafiti ulioonyesha kwamba watazamaji wabaguzi hawakuona wanachekwa. Waliona huyo mzee anasema kweli.

Basi mjomba tumuache. Wenzangu wa semina ndio wanaonikera zaidi, kwa sababu nilikuwa mmoja wao. Sisi tuna msamiati. Tangu kidato cha tatu tunafundishwa mhusika bapa na mhusika duara, mgawanyo ambao E. M. Forster aliuweka kitabuni mwaka 1927, na tangu hapo tunagawa maksi kwa udaura wa watu. Nimekosea, uduara. Mhusika akipiga watu halafu akalia chooni, tunaandika kwamba mwandishi amefaulu. Akipewa mbinu rejeshi ya utotoni, baba yake akimfungia nje usiku wa mvua, tunaandika amefaulu sana. Niliwahi kuandika kurasa kumi na nane za namna hiyo na nikapata A. Sizijutii kurasa zile, Suleiman ni mhusika aliyetengenezwa vizuri. Ninachokataa ni ule uongo tunaousema kwa sauti ya kisomi, kwamba undani wa mhusika unatufundisha huruma. Huruma kwa nani? Hebu tuhesabu.

Katika Sultan yumo Hurrem. Alitekwa, akauzwa, akaletwa kasri la watu wasiosema lugha yake, na akajua kwamba mwana wa mwanamke mwingine akikalia kiti, wanawe yeye watauawa. Sheria ya kiti ilikuwa hivyo. Ukitaka mhusika duara, huyo hapo, ameandikwa kwa uangalifu kuliko mumewe. Sebuleni kwetu aliitwaje? Mchawi. Kifo cha Ibrahim, Hurrem. Kifo cha Mustafa, Hurrem. Amri imetoka kinywani mwa mwanaume mwenye mamlaka yote ya dunia ile, na bado "maskini Sultani, yule mwanamke kamroga." Isidingo nayo ilikuwa na Cherel de Villiers, mwovu wa kiwango cha Barker au kumzidi. Barker alikuwa mjanja. Cherel alikuwa shetani. Waandishi walikuwa wamewapa wote wawili undani. Sisi tulimvua mmoja.

Ndiyo maana siwalaumu wanaoandika na kutengeneza, si Waturuki, si Lamata na Jua Kali yake, si Huba. Watengenezaji watupe wanaume wabaya wenye machozi, tena zaidi. Nawalaumu watazamaji, na nianze na mmoja ninayemjua vizuri.

Miaka miwili iliyopita kulikuwa na kikao hapohapo sebuleni, ila safari hii viti vilitosha. Dada yangu alikuwa amerudi nyumbani na mfuko wa rambo wenye nguo za mtoto. Shemeji alikuja na baba zake wadogo wawili na soda kreti nzima. Alikuwa amenyoa, amevaa kanzu iliyopigwa pasi, na hakujitetea hata kidogo. Alilia. Alisema hajui huwa anaingiwa na nini. Shangazi akasema, mwanaume akilia mbele ya wakwe jamani. Baba mdogo wa kwao akaeleza jinsi mtoto alivyolelewa na mama wa kambo. Mama yangu akanyamaza. Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971, kifungu cha 66, inasema hakuna mtu mwenye haki ya kumpiga mwenzi wake, na mle ndani niliyekuwa najua hivyo ni mimi peke yangu. Nikaombwa niseme neno, maana nimesoma.

Nikasema, "Mimi naona shemeji si mtu mbaya. Ni mtu aliyeumia."

Niliona watu wanatikisa vichwa, kwamba binti kaongea. Ilikuwa sentensi ya ukurasa wa nne wa ile kazi yangu ya A, nimeondoa jina la Suleiman tu. Dada alichokuwa amekisema kabla yangu kilichukua dakika tatu hivi. Alisema anapigwa. Hakuna aliyemuuliza alilelewa na nani. Mume duara, mke bapa, kikao kikafungwa kwa dua, akarudi kwake.

Miezi minane baadaye alikuja na mkono wa kushoto umefungwa hogo.

Najua mtakachosema, kwamba dada yangu angerudi tu, kwamba vikao vya namna ile vilikuwepo kabla ya Azam, kabla ya ITV, kabla ya redio. Kweli. Katika utafiti wa kitaifa wa afya wa 2015 na 2016, wanawake 40 katika kila 100 wa umri wa miaka 15 hadi 49 walisema wameshafanyiwa ukatili wa kimwili tangu walipofika miaka 15, na sidhani kama wote walikuwa na kifurushi. Sisemi tamthilia imempiga. Nasema mimi nilikuwa na maneno mengi mazuri ya kumtetea aliyempiga, na sikuwa na hata moja la kwake, na maneno yale niliyapata mahali.

Nimelifikiria hili kwenye daladala mbili za kwenda chuo na mbili za kurudi, na hapa ndipo nilipofika. Kwenye tamthilia, mwanaume mbaya tunamwamini kwa sababu kamera inaingia naye chumbani akiwa peke yake. Tunamuona analia wakati hakuna wa kumdanganya. Chozi lile ni ushahidi, mwandishi ametuapia. Maishani chumba hicho kimefungwa. Shemeji alilia mbele ya watu kumi na nne na kreti ya soda. Akiwa peke yake anafanya nini, sijui, na dada hajui, na baba mdogo hajui. Sote tulikijaza chumba kile kwa samani za tamthilia, tukamwekea majuto, tukamwekea utoto, tukamwekea sehemu inayofuata ambapo atabadilika. Alichokifanya tulikuwa tunakiona, kilikuwa mkononi mwa dada. Tukaacha tunachokiona tukaenda kuamini tulichokibuni, na mimi nikakiita huruma.

Kwa hiyo msomi mwenzangu, ukija tena na ile hoja kwamba wahusika hawa wanatufundisha kwamba binadamu ni mgumu kueleweka, nitakuuliza ni binadamu yupi katika nyumba yenu anayepewa ugumu huo. Mdogo wako wa kike aliyepata mimba form three alipewa? House girl aliyechukua elfu kumi? Au ni baba peke yake?

Dada anaishi na sisi sasa. Hogo lilitoka zamani, mkono haunyooki vizuri, anauza vitenge Rangi Tatu na mwanawe yuko chekechea. Jioni bado tunaangalia tamthilia, maana hamkudhani tumeacha. Wiki iliyopita kulikuwa na kijana mmoja, mzuri, mtata, Jumatano alikuwa amempiga mkewe kibao mpaka akaangukia meza. Alhamisi akaonyeshwa ameegesha gari ufukweni usiku, ameinamia usukani, mabega yanatikisika, na muziki umewekwa.

Mama akavuta pumzi. Nilijua kinachokuja.

Dada akawahi. Alikuwa anakunja vitenge, hata hakuinua kichwa. "Na yule mwanamke wamemuonyesha leo?"

Mama akasema bado, labda mbele. Tukasubiri. Alionyeshwa mama mkwe, akaonyeshwa mshirika wa biashara, akaonyeshwa tena yule kijana ufukweni, kisha yakaja majina ya waigizaji yanapanda juu. Dada akaweka kitenge cha mwisho juu ya vingine na kuomba remoti.

Mama akampa.