Ndoto ya Kurusha Ndege za Jeshi Majuu: ASTB Inakupa Nafasi 3 Tu Maishani, Usichome Ya Kwanza

Umeziona hizo video TikTok. Mkenya amesimama kando ya ndege ya kivita, gwanda la jeshi la Marekani limemkaa fiti, jina la kwetu kabisa limeshonwa kifuani. Chini huko komenti ni zilezile: form ni gani, niunganishe buda, hapo mnaingiaje?

Sasa rada iko hivi. Kusimama kando ya ndege na kuirusha ni vitu viwili tofauti. Kuingia jeshi la Marekani kama mwanajeshi wa kawaida, Green Card inatosha, na hiyo ndiyo njia Wakenya wengi hupitia. Rubani ni stori ingine. Navy, Marines na Coast Guard hukabidhi ndege kwa maafisa, na afisa lazima awe raia wa Marekani, tena mwenye digrii. Halafu kabla hata faili yako ifike mezani kwa wanaochagua, kuna mtihani unaitwa ASTB.

Huu mtihani huangusha watu wenye akili zao timamu, A za shule na digrii za injinia. Mara nyingi shida si kichwa. Ni ile tabia tunaijua sana sisi: kuenda "kujaribu tu nione inakaaje".

Hesabu ya nafasi

Shika hii kwanza kabla ya kitu kingine chochote. ASTB unaruhusiwa kuifanya mara 3 maishani. Si mara 3 kwa mwaka, ni maishani. Ukifanya ya kwanza, unakaa siku 30 kabla ya kurudia. Ukifanya ya pili, unangoja siku 90. Ya tatu ikienda, imeenda, na hakuna mtu wa kuongea naye.

Kuna kitu kingine kinauma zaidi. Alama zinazotumika ni za mara ya mwisho kuketi, hata kama zimeshuka. Hauwezi kusema wachukue zile nzuri za mwanzo. Kwa hivyo kurudia si bima, ni kamari. Unaweza kuingia ukiwa umepita na utoke ukiwa umefeli.

Jeshi la nchi kavu la Marekani, Army, nalo lina mtihani wake wa marubani unaitwa SIFT, na huo ni mkali kwa njia yake: ukipita, hauruhusiwi kurudia ndio uongeze alama. Ulichopata ndicho utatembea nacho. Uzuri wake ni kwamba Army ina njia ya kuwa rubani wa helikopta kama "warrant officer" bila digrii, ingawa uraia bado unatakikana.

Unaona penye hii kitu inaelekea? Mitihani mingi tumezoea ni ya kurudia mpaka ikubali. Leseni ya kuendesha gari ukianguka unarudi. KCSE unaweza kurudia. Hapa, ile siku ya kwanza ndiyo siku yenyewe.

Ndani kuna nini?

Kwa kompyuta, yote huchukua kama saa 2 hadi 3 na kitu. Sehemu 3 za kwanza ni hesabu, kusoma na kuelewa, na mambo ya mashine. Hizo tatu zinakupa alama inayoitwa OAR, kutoka 20 hadi 80. Halafu kuna maswali ya ndege na meli, maswali ya tabia yako, maswali ya historia yako ya maisha, na ile sehemu kila mtu huogopa, ya joistiki na hedifoni. Ukichanganya yote unapata alama za rubani, kutoka 1 hadi 9. Kiwango cha chini cha rubani kimekuwa 4 kwa alama ya masomo na 5 kwa ya urubani upande wa Navy, huku Marines wakitaka 4 na 6. Lakini hicho ni kiwango cha kukuruhusu kupiga foleni. Wanaochaguliwa wengi huwa juu ya hapo.

Tuchambue moja moja.

Hesabu. Hakuna kalkuleta. Mkenya hapa anapata mshtuko, kwa sababu kwa KCSE kalkuleta tunabeba. Swali lenyewe si gumu: gari moja imetoka ikienda kilomita 80 kwa saa, ingine imetoka nusu saa baadaye ikienda 100, itaishika baada ya muda gani? Ya kwanza iko mbele kilomita 40, ya pili inapunguza kilomita 20 kila saa, kwa hivyo ni saa 2. Ukiwa umetulia ni rahisi. Ukiwa na dakika moja na nusu hivi, na kichwa kimezoea kubonyeza simu hata kugawa bili ya nyama choma, ni ngori. Rudia sehemu, asilimia, uwezekano, aljebra na logi kwa kalamu na karatasi.

Kitu kingine: kompyuta inakupima ikienda. Ukijibu vizuri, inakuletea swali gumu zaidi. Na hauwezi kuruka swali urudi baadaye. Ile mbinu ya mwalimu wa darasa, "anza na rahisi, ngumu urudie", haifanyi kazi hapa. Ukihisi maswali yanazidi kuwa magumu, usipanik. Inaweza kuwa ni dalili unafanya poa.

Mashine. Hapa kijana wa gereji hushinda wa vitabu. Kwa nini spana ndefu inalegeza nati kirahisi? Kwa nini gia ndogo inazunguka haraka kuliko kubwa inayoisukuma? Puli mbili zinapunguzaje uzito? Ukishawahi kubadilisha cheni ya bodaboda, nusu ya kazi umemaliza. Ongeza tu shinikizo la maji, umeme wa shuleni na sheria za Newton.

Ndege na meli. Hii ni sehemu ya kubukua, na ndiyo rahisi zaidi kuongeza alama kwa wiki chache. Serikali ya Marekani kupitia FAA imeweka kitabu cha marubani bure kwenye intaneti, kinaitwa Pilot's Handbook of Aeronautical Knowledge. Hauhitaji kununua notisi za mtu. Soma jinsi bawa linainua ndege, kazi ya kila usukani, na maana ya namba za barabara za kurukia. Mfano wa nyumbani: JKIA barabara inaitwa 06 upande mmoja na 24 upande ule mwingine. 06 maana yake ndege inaelekea kama digrii 60 kwa dira, na 24 ni digrii 240, mwelekeo wa kinyume. Ukijua hiyo, unajua ya kila uwanja duniani.

Ya meli isikutishe. Watu wa Pwani wamekuwa wakiita mbele ya chombo omo na nyuma tezi kabla ya mitihani hii kuzaliwa. Wewe jifunze majina ya Kiingereza ya vitu hivyo hivyo, pamoja na taa: nyekundu ni upande wa kushoto, kijani ni kulia. Ndege pia iko hivyo hivyo.

Joistiki, hedifoni na presha

Hii ndiyo sehemu inafanya mtu atoke akiwa amelowa jasho. Kwanza unaonyeshwa ramani na ndege inayoelekea upande fulani, halafu picha ya kile ndege inaona, na unaambiwa uchague maegesho ya kaskazini ama mashariki. Haraka. Jipime sasa hivi: umesimama kwa steji ukiangalia kusini, magharibi iko mkono gani? Kama umechukua zaidi ya sekunde 2 kusema kulia, uko na kazi ya kufanya.

Baadaye unavaa hedifoni. Sikio la kushoto linasikia herufi na namba zake, la kulia zake, kwa wakati mmoja. Unaambiwa ufuate sikio moja tu, na ubonyeze kitufe kimoja ukisikia namba kama 3 au 7, kingine ukisikia kama 2 au 8. Kisha unapewa joistiki ufuate ndege kwenye skrini. Kisha mkono mwingine nao unapewa kishikio cha kufuata ndege ingine. Kisha vyote pamoja na masikio. Ukidhani umezoea, inakuja dharura: injini ina moto, na lazima ukumbuke hatua ulizokariri mwanzoni, huku mikono ikiendelea na kazi.

Kwa nini wanakutesa hivyo? Kwa sababu kurusha ndege ni hivyo. Mnara unaongea, mwenzako anaongea, taa imewaka, na ndege haiwezi kuegeshwa kando ya barabara ufikirie. Hawatarajii ukose makosa. Wanaangalia kama kosa moja litakuangusha yote, ama utaliacha nyuma uendelee.

Habari njema ni kwamba hii inafundishika. Joistiki ya bei ya chini na gemu ya kurusha ndege zinatosha kuanza. Zoea mtindo wa ndege: kuvuta ni kupanda, kusukuma ni kushuka. Kwa masikio, mwambie beshte akusomee namba upande mmoja huku redio inapiga kelele upande mwingine. Fanya dakika 20 kila siku kuliko saa 5 Jumapili moja.

Maswali ya tabia nayo yana mtego wake. Unapewa sentensi mbili kukuhusu, na mara nyingine zote ni mbaya, ama zote ni nzuri, na lazima uchague moja. Usitafute jibu la kumpendeza kamanda. Chagua ukweli uende.

Mchezo hauko sawa kwa wote

Tuseme ukweli pia. Kuna mtoto amezaliwa San Diego, babake ni Navy, amekaa kwa ndege ndogo akiwa na miaka 15. Na kuna Mkenya Dallas anafanya shifti mbili za kutunza wazee, anatuma fare ya shule nyumbani, na anasoma chuo usiku. Wote wanakalia mtihani mmoja. Upande wa Air Force pengo linaonekana hata kwa karatasi: alama yao ya kuchagua marubani huhesabu pia saa ambazo tayari umerusha ndege, na saa za ndege ni doh.

Hiyo ndiyo sababu ile nafasi ya kwanza ni ya maana zaidi kwako kuliko kwa yule mwingine. Yeye akianguka ana muda wa kungoja na watu wa kumfundisha. Wewe una shifti. Lakini vitu vinavyoongeza alama hapa vingi ni bure ama bei nafuu, na wiki 6 hadi 8 za kujipanga zinabadilisha mambo. Wiki 2 za kwanza hesabu bila kalkuleta na mashine. Wiki 2 zinazofuata kitabu cha FAA na majina ya meli. Zilizobaki, dira, joistiki na masikio kila siku, na jaribio zima kwa saa moja kwa moja bila simu. Tarehe ya mtihani iombe ukiwa umeshaanza kupata alama unazotaka, si kabla. Afisa wa kuandikisha anaweza kukuharakisha, kwa sababu ana kazi yake. Nafasi 3 ni zako, si zake.

Jihadhari na "paper"

Kuna watu wanauza kile wanaita maswali yenyewe ya ASTB. Achana nao. Kwa kompyuta maswali hubadilika kulingana na unavyojibu, kwa hivyo karatasi ya mwingine si yako. Pili, unaomba kazi ambayo itakuuliza kuhusu uaminifu wako kabla ya kukupa siri za nchi. Kuanza na wizi wa mtihani ni kujichimbia shimo.

Na kama uko hapa Kenya, unaota Lanet badala ya Pensacola, somo ni lile lile. Nafasi za makadeti wa KDF zina mipaka ya umri na gredi, kwa hivyo hauna miaka ya kupoteza ukijaribu bahati. KDF wenyewe hurudia kwamba kuandikishwa ni bure. Ukiambiwa utoe chapaa ili jina lako lipite, hakuna jina linapita hapo. Kinachopita ni pesa yako.

Basi kabla ujaze hiyo fomu, kaa chini leo jioni na kalamu. Fanya maswali 20 ya hesabu bila simu, kwa dakika 30. Ukipata 18, anza kufikiria tarehe. Ukipata 9, shukuru umejua ukiwa kwako sebuleni, mahali ambapo hakuna mtu anahesabu nafasi.