Tunanunua Mng'aro, Chuma Tunakiacha Dukani

Usiku mmoja wa maulidi hapa Thika, miaka michache iliyopita, mtoto wa miaka tisa alisimamishwa mbele ya watu kusoma kasida. Alikuwa ameifanyia mazoezi mwezi mzima. Kanzu nyeupe, kofia ya vito, sauti nyembamba iliyonyooka. Alipofika ubeti wa pili maikrofoni ikaanza kushuka. Haikuanguka, la, ilishuka polepole, kama mzee anayetafuta mkeka wa kukalia, na yule mtoto, kwa kuwa alifundishwa asiuache mdomo wake ukawa mbali nayo, akaifuata. Akainama. Akakunja magoti. Ubeti wa nne ulimkuta karibu amechutama, na watu, Mungu atusamehe, wakacheka. Wanawake waliokuwa nyuma ya pazia hawakujua kinachochekwa ni nini. Mtoto aliimaliza kasida yake mpaka mwisho, kisha akaenda nyuma ya jengo akalia. Mwaka uliofuata alikataa kusoma, na mwaka wa baada ya huo pia.

Sinia za pilau zilipokwisha nilikwenda kuitazama ile stendi. Ilikuwa nyeusi, inang'aa, na haijatimiza miezi mitano tangu inunuliwe. Kile kiungo cha katikati kinachokaza bomba la juu lisiteremke kilikuwa cha plastiki, nacho kimepasuka toka juu hata chini.

Najua msomaji wa Mombasa au wa Lamu atasema, huyu bwana amekosa la kuandika mpaka anatuandikia habari za stendi za maikrofoni? Naam, ndizo ninazoziandika. Wala sitaki kuingia katika mabishano ya nani asoma maulidi na nani hasomi, maana anayesoma na asiyesoma wote wawili wana stendi mbovu.

Sisi watu wa pwani tuliokuja kutafuta riziki huku bara tumekuwa wengi. Ruiru peke yake, katika hesabu ya mwaka 2019, ilikutwa na watu 490,120, na miaka kumi kabla yake hawakufika laki mbili na nusu. Tangu ile barabara kuu ya Thika ilipokamilika mwaka 2012 nyumba zimeota kama uyoga, na palipo na nyumba za Waislamu hapakosi chumba cha kusalia, chuo cha watoto, na kamati. Kamati ikishapata fedha kidogo hununua mitambo ya sauti. Hapo utawasikia wazee wakiuliza maswali ya maana: amplifaya ni ya wati ngapi, spika zitasikika mpaka wapi, maikrofoni ni ya kampuni gani. Kisha mtu mmoja anasema, "Na stendi utuwekee," kama anayeomba kiberiti juu ya bei ya sigara.

Hapo ndipo tunapokosea. Maikrofoni mashuhuri kama ile SM58 ya kampuni ya Shure, iliyotoka mwaka 1966 na mpaka leo ingali inauzwa, ina gramu 298 tu. Ni kitu kidogo cha kubebwa. Lakini iweke kwenye ncha ya mkono wa stendi, mkono wenye urefu wa sentimita themanini hivi, uone inavyovuta. Kila kiungo kinachoushika mkono ule kinapigana na mvuto huo usiku kucha, na plastiki haiwezi vita vya siku nyingi.

Mimi nina mtihani wangu, na wauzaji wa Thika wameshanijua. Naingia dukani na pakiti ya sukari ya kilo moja. Naomba stendi ifunguliwe, mkono unyooshwe mpaka mwisho, mguu mmoja ukae chini ya mkono (wengi huuweka upande mwingine, halafu wakashangaa stendi inapopiga kichwa), kila kitu kikazwe kwa nguvu za kawaida za mtu mzima. Kisha naining'iniza sukari yangu pale ncha, nasimama nazungumza na mwenye duka habari za mvua. Kilo moja ni zaidi ya mara tatu ya ile maikrofoni. Mkono usiposogea kwa muda wa kuzungumza habari za mvua, tunaanza kuongea bei. Mwenye duka mmoja alinikatalia, akasema nitamharibia mali. Nikamshukuru nikatoka, kwa sababu ameshanipa jibu.

Kingine ni kugusa kwa mkono. Pale miguu mitatu inapokutana pasiwe plastiki. Chuma au zinki iliyomiminwa ina ubaridi na uzito. Plastiki iliyopakwa rangi ya fedha haina ubaridi. Ukiwa na sumaku ndogo utajua bomba ni chuma au si chuma, ila usiihukumu zinki kwa sumaku, maana zinki haishikwi nayo na bado ni kitu kizuri. Halafu funga na ufungue kila kikazio mara kumi. Kikianza kuteleza dukani, kwako kitafanyaje?

Ziko stendi za kiwandani ambazo ni za uhakika. Wajerumani wa König & Meyer, kampuni iliyoanzishwa Wertheim mwaka 1949, wana moja yenye mkono iitwayo 210/9 ambayo watu wa muziki dunia nzima wanaijua. Sifa yake kubwa kwangu ni kwamba kikiharibika kiungo kimoja unanunua kiungo, hununui stendi nzima. Lakini bei yake ni zaidi ya mara nne ya ile nyeusi ya plastiki. Hapo ndipo mweka hazina wetu anaponikatiza.

"Mzee wangu," husema, "sadaka ni kidogo. Tununue ya bei nafuu, ikivunjika tutanunua nyingine."

Na kweli tulinunua nyingine. Katika miaka miwili chuo chetu kilinunua tatu, kila moja shilingi elfu mbili na mia tano. Jumla elfu saba na mia tano, na mwisho wake tulikuwa na rundo la mabomba stoo, na maikrofoni imefungwa kwa kamba ya katani kwenye mpini wa fagio. Waliotoa fedha ile ni mama auzaye mahamri na kijana apigaye mzigo sokoni, wametumbukiza shilingi ishirini ishirini katika bakuli la Ijumaa. Mali ya wakfu ina mwenyewe wa kuiulizia, nasi tunaitumia kama kwamba haina.

Basi nikaenda Ruiru. Yuko fundi mmoja wa kuchomelea, kijana wa Kikuyu, anatengeneza mageti na madirisha kando ya barabara. Nilimpelekea ile stendi iliyomliza mtoto. Akaigeuzageuza, akacheka, akasema, "Mzee, hii ni toy." Nikamwambia, "Nitengenezee ambayo si mchezo."

Kitako alikitoa kwenye vyuma kuukuu: diski ya breki ya gari dogo, ambayo imelika haifai tena barabarani lakini kwa uzito haijapunguka kitu, kilo tano na ushei. Bomba la kusimama ni la maji, la nusu inchi, na kabla ya kulichomelea aliparuza ile rangi nyeupe ya zinki iliyolifunika, kwani moshi wake ukiuvuta unakutia homa usiku. Ndani ya bomba hilo inapanda na kushuka fimbo ya chuma. Kuikaza alitoboa tundu, akachomelea nati juu ya tundu, akaingiza bolti yenye mkono uliopindwa. Hakuna plastiki. Hakuna springi. Mtoto wa chuo cha kwanza anaweza kuikaza, na bingwa wa mieleka hawezi kuivunja.

Shida ilikuwa kichwa. Wasomaji wangu, hapa ndipo penye siri ambayo imewala fedha watu wengi. Maikrofoni hujifunga kwa hesi, na hesi hizo ni za namna mbili: ile ya inchi 5/8 yenye meno 27 katika kila inchi, na ile nyembamba ya inchi 3/8 yenye meno 16. Ukinunua stendi ya moja na kishikio cha nyingine havikutani, mpaka upate kile kipete kidogo cha shaba chenye meno ndani na nje. Kikipotea hicho usiku wa shughuli, umekwisha. Na meno 27 ni membamba mno; bolti ya kawaida ya unene ule haina meno mengi hivyo, kwa hiyo fundi hana chombo cha kuyakata. Kijana akafikiri kidogo, kisha akachukua msumeno akaikata shingo ile stendi mbovu, akakichomelea kichwa chake juu ya fimbo mpya. Kilikuwa cha chuma, bahati yetu. Kingekuwa zinki kingeyeyuka mbele ya macho yetu. Kazi yote na vyuma vyake ilinigharimu elfu nne na mia tano.

Sisemi kila mtu akimbilie kwa fundi. Stendi ya kitako kizito inafaa mahali pa sakafu. Msikitini naipenda kwa sababu haitandazi miguu. Ile ya miguu mitatu hunasa kanzu za safu ya kwanza, na nimemwona maamuma akijikwaa nayo baada ya salamu. Imamu isimkae usoni, maana akirukuu atapiga kichwa na msikiti mzima utasikia kishindo. Ikae ubavuni, na mkono ndio umfikie. Lakini uwanjani, juu ya mchanga au ardhi ya mabonde, miguu mitatu hushinda, kwa kuwa vitu vitatu havina kuyumba, vyote hugusa chini. Mpiga udi naye ana haja yake. Mtu kama marehemu Zein l'Abdin, aliyekuwa akipiga na kuimba kwa wakati mmoja, mikono yote miwili iko kazini. Huyo huhitaji stendi moja ya mdomo na nyingine fupi ya udi, nazo zisisogee hata kidogo.

Na mnaozipeleka pwani, angalieni chumvi. Stendi iliyokaa Thika miaka kumi bila doa itashika kutu Lamu kabla hamjafunga Ramadhani ya pili. Kromu nyembamba hubanduka kama ganda la yai. Baada ya shughuli ifuteni kwa kitambaa kikavu, na hesi zipakeni mafuta ya cherehani kidogo. Ila msiyatie pale kikazio kinapobana fimbo, la sivyo mtaona ya yule mtoto wangu.

Stendi ya diski ya breki sasa ina miaka sita. Si nzuri kutazama. Wanakamati wawili walitaka ifichwe kwa kitambaa cha kijani wakija wageni, nikawaambia wageni wanakuja kusikiliza. Mwezi uliopita, katika kikao, nilitoa shauri tutengeneze tatu zaidi, moja yake fupi kwa ajili ya watoto, wasisimame tena juu ya kreti za soda. Mweka hazina alikwenda akaishika mwenyewe kwa mikono miwili, akainyanyua nusu, akairudisha.

"Nzito mno hii," akasema.

Nikamwomba ainyanyue tena.