Mutu anayekataa mgomo

Iko filimu moja ya Uingereza ya mwaka 1960, «The Angry Silence». Fundi Tom Curtis, anayechezwa na Richard Attenborough, anakataa kuingia katika mgomo wa kiwanda chao. Mgomo unapoisha, wenzake wanamunyamazia. Hakuna wa kumusalimia. Mwishoni anapoteza jicho.

Sisi hatusemi mgomo ni dhambi. Desemba 1941, kule Élisabethville (Lubumbashi ya leo), wafanyakazi wa Union Minière waligoma juu ya mshahara, na askari wakawapiga risasi. Wale walidai haki yao. Lakini haki ya wengi kugoma haiondoi haki ya mmoja kukataa.

Hapa Himbi, darasa likipatana kususia kipindi, anayeingia huitwa musaliti, na wiki nzima hasemeshwi. Hiyo hapana! Nikodemo aliwauliza wakubwa kama sheria yao inamuhukumu mutu bila kumusikia kwanza. Nasi tumuulize mwenzetu: umekataa juu ya nini? Akijibu, tubishane naye hata mpaka jioni. Lakini salamu tusimunyime.