Kura ya Diwani wa Kapsoit Si Kura Ndogo

Kila tunapokutana, iwe ni baada ya ibada au katika vikao vyetu vya wapenda mageuzi, mazungumzo huanzia juu: Rais, Gavana, Mbunge. Mwakilishi wa wadi, ambaye wazee wetu wangali wanamwita diwani, hutajwa mwishoni, watu wakiwa wamekwisha kuinuka na kushika makoti yao. Sisi twaona kwamba hapo ndipo tunapojikwaa, na twaomba ndugu na dada zetu wa Kapsoit watuvumilie tulieleze jambo hili kwa marefu kidogo.

Oktoba 2024 Bunge la Kaunti ya Kericho lilipiga kura ya kumwondoa Gavana Erick Mutai. Bunge hilo lina wajumbe 47: thelathini waliochaguliwa na wadi, na 17 walioteuliwa kupitia vyama. Waliounga mkono hoja walikuwa 31. Theluthi mbili ya 47 yataka watu 32. Seneti ikaitupilia mbali kesi kwa sababu ya huyo mmoja aliyepungua, bila kuyagusa mashtaka yenyewe. Mwaka 2025 hoja ikarudi, na mara hiyo pia Seneti haikumwondoa Gavana. Hatuandiki haya ili kumtetea wala kumshtaki. Hayo yana mahali pake. Tunachokitazama ni hesabu. Kura ya mtu mmoja iliamua kama mashtaka ya kaunti nzima yatasikizwa au hayatasikizwa, na mtu huyo angeweza kuwa wa wadi yoyote, hata hii yetu ya Kapsoit, ambayo ni moja ya wadi sita za Ainamoi.

Basi diwani ana uzito. Ni nani humweka? Kwa karatasi ni sisi sote, siku ya Uchaguzi Mkuu. Kwa kweli, katika nchi hii ya chai, tangu mwaka 2013 jambo hilo huamuliwa mapema kwa sehemu kubwa, katika mchujo wa chama kinachovuma. Kilivuma URP mwaka 2013, kikavuma Jubilee mwaka 2017, kikavuma UDA mwaka 2022. Apataye tikiti ya chama hicho hulala usingizi mzito akingoja kuapishwa. Tulipigania vyama vingi, na tukavipata mwezi wa Desemba 1991 kifungu cha 2A kilipofutwa. Lakini mahali ambapo chama kimoja humeza vingine vyote, mchujo ndio uchaguzi, na yeyote atakaye kuuiba uchaguzi atauiba hapo.

Hili si geni kwetu. Sisi tuliokuwa watu wazima mwaka 1988 twaukumbuka mlolongo. KANU ilikuwa imeuamua mwaka 1986, na mwezi wa Februari 1988 tukapanga mstari uwanjani nyuma ya mgombea, au nyuma ya wakala aliyeinua picha yake. Aliyezidi asilimia 70 alihesabiwa kuwa amepita bila kupingwa, na jina lake halikurudi tena kwa wananchi. Kwa hiyo asubuhi moja ya kusimama juani ilimaliza habari ya miaka mitano. Mahali pengi mstari mfupi ulitangazwa kuwa mrefu, na watu waliokuwa bado wamesimama wakasikia kwa masikio yao kwamba hawakuwapo. Wangekata rufani kwa ushahidi gani? Sanduku la kura laweza kufunguliwa tena mbele ya hakimu, lakini mstari ukishatawanyika hakuna awezaye kuuhesabu.

Tena kulikuwa na ubaya uliotangulia hesabu. Katika mlolongo kila mtu alijulikana. Mchuma chai aliyeishi katika nyumba ya kampuni alisimama huku nyapara akimtazama. Mwalimu alisimama mbele ya ofisa wake, mwenye duka mbele ya chifu anayeandika barua ya leseni. Mke alisimama machoni pa mumewe, na mchungaji machoni pa kondoo wote wawili wanaogombana. Ndiyo sababu mwaka 1986 wachungaji wa Baraza la Makanisa, NCCK, waliupinga utaratibu huo mapema, na wakatukanwa kwa kuupinga. Kura ya siri haikurudi kwenye mchujo hadi Desemba 1990, wajumbe wa KANU walipokutana Kasarani.

Watetezi wa mlolongo walisema ni desturi ya Kiafrika, kwamba Mwafrika hafichi neno lake. Wazee wa Kipsigis wangecheka. Katika kokwet watu waliketi, wakasema, wakabishana hadi neno likapatana. Hakuna aliyehesabu vichwa akaondoka, wala hakuna mzee aliyekuwa ameshika mshahara wa mwenzake mkononi. Penye mshahara, nyumba na leseni, uwazi huo ni wa upande mmoja tu.

Wazungu nao waliyajua haya. Uingereza iliweka kura ya siri kwa sheria ya mwaka 1872, kwa kuwa kabla ya hapo mpangaji alilitamka jina la mgombea wake mbele ya mwenye ardhi. Matunda yake katika mabaraza ya miji yalionekana wazi baada ya Vita Kuu ya Kwanza. Huko kila tarehe 1 Novemba theluthi moja ya madiwani walirudi kwa wananchi. Novemba 1926 mji wa Sheffield, mji wa chuma na visu, uliliweka baraza lake mikononi mwa chama cha Labour, chama cha wafanyakazi. Nchi ilikuwa imetikiswa na mgomo mkuu wa mwezi wa Mei, na wachimba makaa walikuwa wangali wamefungiwa nje ya migodi. Mtu wa kiwandani aliyempigia kura mpinzani wa tajiri wake alirudi kazini kesho yake, na tajiri hakuweza kumtambua. Mwaka 1932 wananchi waliwaondoa Labour, na mwaka uliofuata wakawarudisha. Haukuwa mji wa malaika: mpangaji wa chumba na kijana mkubwa aishiye kwa wazazi hawakuwa na kura ya baraza hadi 1945, na sehemu ya wajumbe ilichaguliwa na madiwani wenyewe, si na watu. Lakini karatasi iliyokunjwa ilimlinda mnyonge.

Miaka hiyo hiyo makampuni ya Kiingereza yalikuwa yakianza kupanda chai Kericho, na babu zetu walikuwa na Baraza la Wenyeji lililotokana na sheria ya mwaka 1924. Mwenyekiti wake alikuwa Mkuu wa Wilaya. Mwafrika wa Kenya hakumchagua mjumbe wa Baraza la Kutunga Sheria hadi Machi 1957, na hata hapo ni wale tu waliotimiza masharti ya elimu, mali au utumishi. Sanduku walilolithamini kwao hawakuona haraka ya kutuletea.

Leo tunalo. Tunalifanyia nini? Katika kura ya udiwani siri huvuja upesi kuliko kura zote, kwa sababu mgombea atujua kwa majina. Ajua ni nani ana mtoto anayengoja basari ya kaunti. Mawakala wake huandika nambari za vitambulisho jioni na kugawa noti. Kisha siku ya kura mtu mwenye macho mazima, aliyemaliza darasa la nane, humwambia msimamizi kwamba hajui kusoma, ili apigiwe kura kwa sauti mbele ya mawakala na mnunuzi apate hakikisho la mali yake. Huo ni mlolongo, ingawa mstari wake ni wa mtu mmoja. Sheria yamruhusu asiyeweza kuandika aje na mtu wake mwenyewe anayemwamini, naye huyo afungwe na kiapo cha siri. Wazee wetu wengi hawajaambiwa hivyo.

Na sisi wa kanisani tusijitoe. Ni nani aliyempa mgombea kipaza sauti Jumapili kwa sababu alikuja na mabati? Tumewahi kufanya hivyo, tukalihesabu kuwa ni baraka.

Uchaguzi Mkuu ni Agosti 2027, na mchujo utautangulia. Twaomba kila kamati ya kanisa na kila kikundi cha wapenda mageuzi Kapsoit kianze sasa: kuwafundisha wazee haki ya kuja na msaidizi wao; kuyadai mapema, kwa barua, majina ya vituo vya mchujo na daftari litakalotumiwa; kuwa na watu wawili kila kituo hadi kura zihesabiwe pale pale zilipopigwa na matokeo yabandikwe mlangoni kabla sanduku halijapakiwa garini. Majumba yetu ya kanisa yako tayari kutumika kwa mafunzo hayo siku yoyote ya juma. Mimbari haitakuwa ya mgombea yeyote.