Mji wa Garissa na Njia za Maji

Mgeni anayefika Garissa kwa mara ya kwanza aweza kustaajabu kuuona mto Tana ukifurika siku ambayo mbinguni hamna hata wingu moja. Jua lawaka, vumbi laruka sokoni, na huku maji mekundu yapanda kimya kimya juu ya kingo, mpaka yaingia mashambani na katika nyua za watu. Wenyeji hawastaajabu. Wajua ya kuwa mvua iliyoyaleta maji hayo ilinyesha siku kadha zilizopita, mbali sana, katika mlima Kenya na milima ya Nyandarua ambako mto huo huanza safari yake. Tana ndio mto mrefu kupita yote nchini Kenya. Urefu wake wakaribia kilometa 1,000, na wekundu wa maji yake ni udongo wa mashamba ya juu. Mkulima asomaye habari hizi katika miteremko ya Murang'a au ya Embu, asiyeweka matuta shambani mwake, ajue ya kuwa sehemu ya shamba lake imekwisha kupita Garissa.

Mji wenyewe hauna mvua ya kuutegemea. Katika mwaka wa kawaida mvua haifiki milimita 400, na aghalabu huanguka kwa vipindi vifupi kisha hukoma. Kwa hiyo mto ni kila kitu. Ni kwa ajili ya maji na kivuko kwamba wafugaji walikutana hapo tangu zamani, na serikali ikajenga boma lake pahali hapo. Walakini kwa miaka mingi mji haukukua sana. Wakati wa utawala wa Waingereza wilaya za mpaka wa kaskazini zilikuwa zimefungwa, na mtu hakuingia wala kutoka bila ruhusa. Uhuru ulipokuja vilizuka vita vya Shifta, vya mwaka 1963 hata 1967, na sheria ya hali ya hatari iliendelea kutumika katika sehemu hizo mpaka mwaka 1991.

Tangu hapo mji umekua mbio. Hesabu ya watu ya mwaka 2009 ilionyesha watu wapatao 120,000. Ile ya mwaka 2019 ilipita 160,000. Wengine ni wafanya biashara na watumishi wa serikali, maana Garissa ina soko kubwa la mifugo linalojulikana mpaka nje ya nchi. Lakini wengi waliletwa na ukame. Kutoka mwisho wa mwaka 2020 mpaka mwisho wa mwaka 2022 mvua za misimu mitano mfululizo hazikuja kama ilivyotazamiwa, na mifugo ikafa kwa maelfu. Mfugaji aliyepoteza kundi lake lote hana la kumrudisha malishoni. Hukunja mikeka ya nyumba yake, huifunga juu ya punda aliyesalia, na kuja kuisimamisha pembeni mwa mji. Mwaka wa kwanza nyumba ni ya fito na mikeka. Mwaka wa pili yawekwa mabati. Mwaka wa tatu pahali hapo pana jina, na jina lenyewe huanza na Bulla. Hivyo ndivyo mitaa mingi ya Garissa ilivyozaliwa, na hakuna aliyekaa mezani na ramani kabla ya kuzaliwa kwao.

Basi ni katika kukua huku ndipo jambo moja limesahauliwa, nalo ni malka. Msomaji wa bara huenda hajapata kulisikia neno hili. Malka ni njia ya mifugo ya kushukia mtoni, pahali ambapo ukingo umelala na kundi laweza kunywa bila ya kuporomoka. Si kila pahali pa mto panafaa. Pengine kingo ni za wima, pengine msitu ni mnene, pengine mamba ni wengi mno. Kila malka ina jina lake na watu wanaoitambua, na njia iendayo huko hutoka mbali nyikani, ikikanyagwa na kwato miaka nenda miaka rudi. Wakati wa kiangazi ng'ombe hawezi kukaa bila maji zaidi ya siku mbili tatu. Ngamia astahimili wiki nzima na zaidi. Mfugaji hupanga safari zake zote kwa hesabu hiyo. Akiikuta malka imefungwa jioni, hesabu yake yote imeharibika, na hana pahali pengine karibu.

Nayo malka hufungwaje? Kwa mambo mazuri, aghalabu. Mtu aliyeacha kufuga hupata ekari mbili kando ya mto, hununua pampu, hupanda ndizi, maembe, tikiti na nyanya, na mazao yake huliwa mjini. Jambo hili ni la kusifiwa, na serikali kwa muda mrefu imelihimiza. Lakini shamba huhitaji ua, na ua wa shamba hili hukutana na ua wa shamba la jirani. Kisha zaja nyumba, bohari, kiwanja cha matofali. Haifai kumlaumu mkulima, maana naye alikuwa mfugaji juzi tu. Hata hivyo ng'ombe wenye kiu hawajui mwenye shamba alikuwa nani juzi. Huvunja ua na kuingia, na magomvi ya namna hii katika bonde la Tana yamewahi kumwaga damu. Mwaka 2012, huko chini katika wilaya za delta ya mto huo, zaidi ya watu mia moja walikufa katika mapigano ya wakulima na wafugaji, na miongoni mwa sababu zake palikuwa na ardhi, malisho na maji.

Wanyama wa mwitu nao hutumia njia zizo hizo. Karibu na mji, upande wa kusini, pana hifadhi ya Bour-Algi inayotunzwa na wenyeji wenyewe kwa ajili ya twiga. Ni jambo la kupendeza kuona twiga warefu wakitembea karibu na mji wenye taa za umeme, na watu wakiwaacha wapite. Lakini twiga naye hushuka mtoni. Katika ukame wa mwaka 2021 mashamba yaliyozungushiwa ua yalikuwa yamewazuilia wanyama kufika majini. Mwezi wa Desemba mwaka huohuo, katika hifadhi ya Sabuli huko Wajir, twiga sita walidhoofika kwa njaa na kiu, wakakwama katika matope ya bwawa lililokuwa karibu kukauka, wakafa. Picha yao ilionekana duniani kote.

Pamoja na nyua za watu kuna ua mwingine usio na mwenyewe, nao ni mti wa mathenge. Mti huu uliletwa Kenya katika miaka ya 1970 na 1980, na sababu zake zilikuwa njema: kuzuia mchanga na kuwapa watu kuni. Haukufa kwa jua wala kwa mbuzi. Mbuzi hula maganda yake matamu, na mbegu hutoka tumboni mzima na kuota pale samadi inapoanguka. Kwa hiyo pale mifugo inapokaa pamoja, yaani kando ya miji na kando ya maji, ndipo mathenge husitawi kabisa, mpaka njia yafungwa kwa miiba. Watu wa Baringo walichoshwa na mti huu hata mwaka 2006 wakampeleka mbuzi asiye na meno mahakamani awe ushahidi, kwa kuwa sukari ya maganda yaozesha meno. Wasomaji wasicheke, mbuzi asiye na meno hawezi kula, na asiyekula hafi peke yake.

Sasa turudi kwenye gharika, maana ndipo mto unapodai chake. Kuanzia mwaka 1968, bwawa la Kindaruma lilipomalizika, mpaka mwaka 1988, la Kiambere lilipokwisha, mto Tana ulijengewa mabwawa matano ya kufanya umeme, na lililo kubwa kupita yote ni Masinga la mwaka 1981. Umeme huo huwasha taa za miji. Hali kadhalika sehemu kubwa ya maji ya Nairobi hutoka bwawa la Ndakaini, lililomalizika mwaka 1994 katika mto Thika, nao mto Thika huishia katika Tana. Karani wa Nairobi afunguapo bomba lake asubuhi huwa amekunywa kabla ya Garissa.

Mabwawa haya yalipunguza mafuriko madogo ya kila mwaka. Watu wa chini wakaona nchi tambarare kando ya mto yakaa kavu mwaka baada ya mwaka, wakaidhani ni nchi kavu kweli. Wakalima, kisha wakajenga. Lakini bwawa lililojaa haliwezi kuongezwa. Mvua kubwa za El Niño za mwaka 1997 na 1998 zilifika, kisha mafuriko ya mwaka 2018, ya mwisho wa 2023, na ya Aprili na Mei 2024. Na kila mara maji yaliingia katika mitaa ya chini ya mji. Jina la mtaa mmojawapo ni Ziwani, na mtu angaliweza kulisikiliza jina hilo kabla ya kununua kiwanja. Mwaka 2024 barabara kati ya Madogo na Garissa ilizama, na wasafiri wakawa wakivushwa kwa mashua juu ya lami. Tarehe 28 Aprili mashua moja ilipinduka pahali paitwapo Kona Punda. Watu zaidi ya ishirini waliokolewa, na wengine wakafa maji pale ambapo siku zote hupita mabasi.

Wajir hakuna mto, lakini hadithi ni ya namna moja. Mji ule ulisimama hapo kwa ajili ya visima vyake vifupi, ambavyo ngamia wamenyweshwa kwavyo tangu zamani. Maji yako karibu sana na uso wa nchi. Ndiyo sababu choo cha shimo ni hatari: uchafu wake hukutana na maji ya kisima. Kwa miaka mingi watu wa Wajir walitumia vyoo vya ndoo, na kazi ya kuzimwaga haikuwapo aliyeitamani. Mji ulipokuwa mdogo jambo hili lilichukulika. Mji ulipokua, kisima na choo vikakaribiana.

Kuhusu malka, dawa yake haihitaji fedha nyingi. Sheria ya Ardhi ya Jamii ya mwaka 2016 yairuhusu jamii iliyoandikishwa kutenga sehemu za kulima, za kukaa na za kupita. Malka yaweza kupimwa, kuwekewa mawe ya mpaka na kuandikwa katika ramani kama barabara iandikwavyo, na upana wake uwe wa kutosha kundi, si wa mtu mmoja na punda wake. Kazi hiyo yataka ifanywe kabla ya viwanja kugawanywa, kwa kuwa baada ya hapo kila hatua ya malka ina mwenye hati.

Hata leo, mtu anayeonyeshwa kiwanja cha rahisi karibu na mto Garissa afadhali aulize mambo mawili kabla ya kutoa fedha: maji ya mwaka 1997 yalifika wapi, na mifugo hupita wapi. Wazee wa mji wayajua yote mawili, wala hawatozi ada.