MOTO JUU YA MOTO: SHOGA YANGU NA NYOTA YA KICHINA

Kaeni sawa, maana leo nina kisa cha shoga yangu. Ruhusa kanipa mwenyewe, ila jina lake nalihifadhi.

Jumamosi kanijia nyumbani uso umemshuka. Mkononi kavaa bangili ya shanga nyekundu, mpya kabisa. Namwuliza, vipi tena, mbona umependeza halafu umenuna? Kumbe katoka kwa jamaa mmoja anayejiita mtaalamu wa nyota za Kichina. Kamtajia mwaka aliozaliwa, 1997. Jamaa kafungua kijitabu, kamwambia: "Wewe ni Ng'ombe wa Moto. Moto ndiyo bahati yako, vaa nyekundu." Bangili, shilingi elfu thelathini. Halafu kamwuliza mchumba kazaliwa lini. Mwaka 1992. "Ah! Huyo ni Tumbili wa Maji. Maji huzima moto. Ukiolewa naye utazimika."

Na posa imeshaletwa, jamani! Wazee wamekwisha kunywa soda, barua imejibiwa, na binti hajalala siku mbili anawaza amwambie nini mama yake.

Nikamwuliza swali moja tu: "Saa uliyozaliwa alikuuliza?" Hakuuliza. Basi, nikamwambia, hujasomewa nyota shoga, umeuziwa shanga.

Sikilizeni. Wachina wenyewe hesabu hii wanaiita Bazi, maana yake herufi nane. Unasimamisha nguzo nne: mwaka, mwezi, siku na saa. Kila nguzo ina herufi mbili, moja juu na moja chini, na kila herufi ina asili yake kati ya hizi tano: mti, moto, udongo, chuma na maji. Yule mnyama wa mwaka tunayemsoma kwenye kalenda ni herufi moja tu kati ya nane. Zamani, enzi za ufalme wa Tang, mwaka ndio uliokuwa na uzito mkubwa. Baadaye, enzi za Song, anatajwa bwana mmoja aitwaye Xu Ziping kuwa ndiye aliyeifanya siku kuwa kiini cha hesabu, na mpaka leo njia hiyo inaitwa kwa jina lake. Herufi ya juu ya nguzo ya siku ndiyo wewe mwenyewe. Saba zilizobaki ni mazingira uliyozaliwa nayo.

Asili hizo tano zinaleana na zinabanana. Mti huwasha moto, moto huacha majivu ambayo ni udongo, udongo huzaa chuma, chuma huleta maji, maji hunywesha mti. Huko ni kulea. Kwenye kubana, mti hupasua udongo, udongo huzuia maji, maji huzima moto, moto huyeyusha chuma, chuma hukata mti.

Sasa ile "asili inayokufaa" ambayo kila mtu anaitafuta si ile uliyojaaliwa nayo tele. Aliyeshiba humwongezei ugali! Inayokufaa ni ile inayoleta uwiano. Ukiwa dhaifu unatafuta ya kukulea, ukizidi nguvu unatafuta ya kukupunguza. Na majira yana neno kubwa: kwa kalenda yao kiangazi ni cha moto, na wakati wa baridi ni wa maji.

Tukampigia simu mama yake. Kajifungua lini hasa? Tarehe mosi Julai, muadhini anaadhini adhuhuri. Tukafungua kalenda ya Kichina. Mwaka: moto juu, chini Ng'ombe ambaye ni udongo. Mwezi: moto juu, chini Farasi ambaye naye ni moto. Siku: mti juu, chini Joka ambaye ni udongo. Saa: chuma juu, chini Farasi tena, moto.

Hesabu mwenyewe. Moto mara nne, udongo mara mbili, chuma kimoja, mti mmoja. Maji hakuna hata herufi moja waziwazi. Yapo kidogo tu, yamejificha ndani ya udongo wa Ng'ombe na wa Joka.

Kumbe shoga yangu si moto kabisa. Ni mti! Tena mti mkubwa uliosimama katikati ya kiangazi, umezungukwa na moto pande zote. Mti wa hivyo unalilia nini? Maji. Na jamaa kamvisha shanga nyekundu, rangi ya moto. Kamwongezea kuni kwenye nyumba inayoungua.

Angezaliwa mti huohuo mwezi Desemba, chati imejaa maji, mambo yangegeuka. Mti kwenye tope la baridi unataka jua, yaani moto, na nyekundu ingekuwa sawa. Ndiyo maana hakuna asili yenye bahati kwa watu wote.

Wapo pia wanaosema asili usiyokuwa nayo ndiyo unayoihitaji. China imani hiyo ipo tangu zamani. Kwenye hadithi ya Lu Xun ya mwaka 1921 yumo kijana Runtu, na "tu" maana yake ni udongo. Baba yake alimwita hivyo kwa sababu chati yake ilikosa udongo. Lakini wanaoijua kazi watakwambia kukosa si lazima iwe kuhitaji. Kama wewe ni maji machache na huna udongo wa kukuziba, shukuru Mungu.

Sasa mtasema, basi yule kaka wa 1992 ndiye dawa, maana ni maji. Taratibu! Yale maji ni ya herufi ya mwaka wake tu. Naye ana zake saba nyingine, na simjui saa yake. Kisayansi hakuna uthibitisho wowote kwamba herufi hizi zinajua ndoa itakayodumu. Ninachosema ni kwamba hata kwa kanuni za Wachina wenyewe, jamaa kadanganya.

Na uongo wa aina hii si wa kuchekea. Japani wana mwaka wanaouogopa, Farasi wa Moto, unaorudi kila miaka 60: 1906, 1966, 2026. Walisema mwanamke wa mwaka huo ni mkali na atamfupishia mumewe maisha. Imani hiyo inahusishwa na Oshichi, binti wa muuza mboga wa mji wa Edo, ambao leo ni Tokyo. Inasimuliwa alizaliwa 1666, akampenda kijana, akawasha moto ili amwone tena, na mwaka 1683 akahukumiwa kuchomwa. Wasichana waliozaliwa 1906 walipata taabu kweli kuolewa. Mwaka 1965 Japani walizaliwa watoto kama milioni 1.82, mwaka 1966 wakashuka mpaka milioni 1.36, na mwaka 1967 wakapanda tena milioni 1.94. Nchi nzima iliogopa herufi mbili, na sita zilizobaki hazikuulizwa.

Kwa hiyo wapenzi, kama unapenda mambo haya, na mimi nayapenda, shika haya matatu. Asiyekuuliza siku na saa, mwage. Uliyezaliwa Januari, jua kwamba mwaka wa Bazi huanza karibu na tarehe 4 Februari, kwa hiyo mnyama wako ni wa mwaka uliotangulia. Na anayekutajia bahati yako huku mkono mwingine umeshika bidhaa, mwambie unakwenda kuchukua hela nyumbani, halafu usirudi.

Shoga yangu? Bangili kaitupa kwenye droo. Usiku huohuo kampigia mchumba wake wakaongea mpaka vocha ikaisha. Mwezi ujao tunapeleka majibu ya mahari, na mimi nimo kwenye msafara.

Sare ni bluu. Msiniulize nani kachagua!

Tukutane wiki ijayo, panapo majaliwa.