Makaro ya majumbani yaandikishwe



Natoa maoni yangu juu ya jambo ambalo hatupendi kulizungumza, hasa wakati wa chakula, lakini ambalo liko chini ya kila nyumba: shimo la choo na karo la maji machafu.

Kila masika, chemba zinapoanza kutiririsha mitaani hapa Dar es Salaam, husikika kauli ile ile kwamba wenye nyumba wanaotiririsha maji machafu wakamatwe na watozwe faini. Mimi siipingi faini. Mtu anayengoja mvua kubwa ya usiku ili atoboe shimo lake na kuyaachia yaliyomo yaende na mafuriko kwa jirani, kitendo ambacho watu wa mjini tumekipa jina la "kutapisha choo", huyo ni mhalifu kama wahalifu wengine. Lakini nauliza, ndugu Mhariri, shimo hilo lilipokuwa likichimbwa wahusika walikuwa wapi? Nani alikuja kupima kina chake? Nani aliangalia kisima cha jirani kiko umbali gani? Karo la nyumba huzaliwa bila cheti, huishi bila kutambuliwa, na siku ya kwanza kufahamiana na sheria ni siku limekwisha furika.

Nasema hivi kwa sababu mimi ni fundi mwashi, na kazi hii nimeifanya kwa zaidi ya miaka 20. Mwenye nyumba akiwa na kibali cha ujenzi, karo huwamo katika ramani, limechorwa vizuri kabisa. Wengi hawana kibali wala ramani. Ukifika kwenye kiwanja neno la kwanza unaloambiwa ni hili: "Fundi, chini usimwage zege, acha mchanga unywe, lisije likajaa haraka." Ukikataa hutafutwa fundi mwingine, na kesho yake asubuhi unapita unamkuta anachimba.

Wasomaji wasiojua ujenzi huenda wasione ubaya wake. Karo la kweli ni sanduku la zege au la matofali yaliyopigwa lipu sawasawa, lisilovuja chini wala pembeni. Aghalabu lina vyumba viwili. Uchafu mzito hutua chini, mafuta na povu huelea juu, na katikati hubaki maji ambayo hutoka taratibu kwa bomba lenye umbo la herufi T kwenda shimo la pili. Ni shimo hilo la pili ndilo lililowekwa kwa ajili ya kunywesha maji ardhini, tena baada ya uchafu mwingi kubaki nyuma. Ukiondoa sakafu ya karo huna karo tena. Una shimo linalopeleka kinyesi moja kwa moja kwenye maji yaliyo ardhini. Na kweli shimo hilo halijai haraka. Mtaa mzima hulisifu, eti karo la fulani ni zuri, miaka 10 halijanyonywa! Hakuna anayejiuliza uchafu wa miaka 10 umekwenda wapi.

Umekwenda visimani. Maji ya bomba ya jiji hili kwa sehemu kubwa yanatoka mto Ruvu, na mto ukipungua, kama ilivyokuwa mwishoni mwa mwaka 2022 tulipoingia kwenye mgawo, kila mtu hukimbilia kisima. Wapo wengi ambao hata bila mgawo kisima ndicho bomba lao. Wataalamu hushauri kwamba kati ya kisima na shimo la choo pawe na mita 30 hivi. Mita 30! Viwanja vyetu vingi ni mita 20 kwa 20, na katika maeneo yasiyopimwa hata hiyo ni anasa. Mtu anachimba kisima kona ya kushoto, karo analiweka kona ya kulia, anajiona amefuata utaratibu. Kumbe karo la jirani limeegemea ukuta, nyuma ya kisima chake hatua tano. Yeye hawezi kujua, na jirani naye hajui kwamba nyuma ya ukuta kuna kisima. Anayeweza kujua ni yule mwenye orodha ya yote mawili, na orodha hiyo haipo.

Sihitaji kuwakumbusha wasomaji habari za kipindupindu. Tunacho tangu miaka ya 1970. Mwaka 1997 waliougua nchini walizidi 40,000. Agosti 2015 kilianzia hapa hapa Dar es Salaam, kikasambaa mikoani kwa muda mrefu. Kila kinapotokea tunahimizwa kuchemsha maji ya kunywa, na ni ushauri mzuri ambao kila mtu aufuate. Lakini kuchemsha huua vijidudu tu. Chumvi za naitreti zinazotokana na vyoo haziondoki kwa kuchemsha, nazo ni hatari kwa watoto wachanga wanaokorogewa maziwa kwa maji hayo.

Taifa hili halikukaa bure katika suala la vyoo. Mwaka 1973 kulikuwa na kampeni ya "Mtu ni Afya", watu wakakusanyika kwa vikundi kusikiliza redio, na wakatoka hapo wakachimba vyoo kwa maelfu. Mwaka 2017 ikaja "Nyumba ni Choo". Zote mbili zilifanya kazi kubwa. Ila zote mbili zilihimiza choo kiwepo. Bwana Afya akipita huuliza, "Choo kipo?" Akionyeshwa mlango, paa na sakafu safi, huandika kipo. Chini ya sakafu haangalii. Kijijini, penye shamba la kuhamishia choo na familia moja, pengine hilo linatosha. Kwa jiji ambalo sensa ya mwaka 2022 ililihesabia watu zaidi ya milioni 5.3, na ambalo mabomba ya majitaka yanaihudumia sehemu ndogo tu ya wakazi wake, halitoshi hata kidogo.

Hapa naomba tufanye hesabu kidogo. Chukua nyumba ya kupanga ya vyumba sita yenye watu 20, yenye bomba na choo cha kumwaga maji. Kila mtu akitumia lita 50 kwa siku kuoga, kufua, kupika na choo, ni lita 1,000. Gari la kunyonya lenye uwezo wa lita 10,000 lingejaa kwa siku 10. Nani anaweza kulipia magari matatu kila mwezi? Hayupo. Ndiyo maana gari halikukusudiwa kubeba maji. Maji ni kazi ya lile shimo la pili, na gari ni la kuondoa tope lililotua chini, kila baada ya miaka mitatu hadi mitano. Mwenye nyumba ambaye karo lake linafurika kila mwezi hana tatizo la gari. Amejengewa vibaya, au shimo lake la pili limezibwa na mafuta ya jikoni na tope ambalo halikuondolewa kwa wakati. Mtu huyu ukimtoza faini leo, Jumatano ijayo litafurika tena. Anahitaji mtu wa kumwonyesha kasoro iko wapi.

Na hayo ndiyo ya wenye njia ya gari. Manzese, Tandale, Vingunguti, Keko, yako maeneo ambako hata bajaji hupita kwa kuomba. Huko tunawaita vijana tunaowajua kwa jina la "vyura". Wanaingia shimoni kwa miguu yao, usiku, kwa koleo na ndoo, bila viatu wala glavu, wakichimba shimo jingine pembeni la kufukia. Mashimo yenyewe mengine yamezungushiwa matairi au mapipa tu na yanaweza kuporomoka. Hewa ya mle ndani ni sumu, inamwangusha mtu kabla hajaita. Pampu za mkono za kutapishia vyoo zimekwisha fanyiwa kazi hapa hapa Dar es Salaam, anayeitumia hashuki shimoni, na uchafu huondoka katika mapipa yaliyofungwa. Kwa nini basi vijana hawa wasiandikishwe, wakapewa pampu, chanjo na leseni kama mafundi wengine? Kazi yao tunaihitaji, ila mchana tunajifanya hatuwafahamu.

Magari nayo yana habari yake. Sisemi wote ni wabaya. Lakini dereva aliyenyonya Mbezi au Chanika anatakiwa aende hadi kwenye mabwawa kama yale ya Vingunguti, apite kwenye foleni, alipie kumwaga, na mafuta ni yake. Njiani kuna makorongo na kuna mto Msimbazi. Mto huo huo ndio unaonywesha mchicha tunaonunua sokoni. Mwenye nyumba analipa pesa zake kihalali, hana hata karatasi ya kuonyesha uchafu wake ulimwagwa wapi.

Wapo watakaosema kuandikisha makaro ya jiji zima ni ndoto. Hebu tuangalie wenzetu wa Ayalandi, nchi ya Ulaya ambayo watu wake wengi wa vijijini wanatumia makaro kama sisi. Oktoba 2009 Mahakama ya Umoja wa Ulaya iliamua kwamba nchi hiyo imeshindwa kuyasimamia, na baadaye ikaipiga faini ya euro milioni 2. Mwaka 2012 wakapitisha sheria kwamba kila mwenye karo aliandikishe. Ada ilikuwa euro 50, na aliyewahi mapema alilipa 5. Watu walinung'unika sana kwamba wanakamuliwa, na manung'uniko yao yalikuwa na maana, maana aliye kijijini hakuomba kukosa bomba la majitaka. Halmashauri zilianza ukaguzi, zikitanguliza sehemu zenye visima na mito. Karibu nusu ya makaro yaliyokaguliwa yalikutwa na kasoro, na nyingi zilikuwa za kutonyonywa tu! Ikawekwa na ruzuku ya kuwasaidia waliokutwa na makaro mabovu wayatengeneze. Nchi ile ni tajiri kuliko yetu, nakubali. Lakini kuandika namba ya nyumba, mahali karo lilipo na mwaka liliponyonywa hakuhitaji utajiri.

Sisi tayari tunazo njia. Serikali za Mitaa zinamjua kila mwenye nyumba. Ukusanyaji wa kodi ya majengo ulipoingizwa kwenye LUKU mwaka 2021, shilingi 1,000 kwa mwezi kwa nyumba ya kawaida, ilionekana wazi kwamba nyumba yenye mita ya umeme hufikiwa bila mtu kugongewa mlango. Ikiwezekana kodi ikaifikia nyumba, inashindikanaje huduma? Mamlaka ya maji ikate kiasi kidogo kila mwezi, na kwa kiasi hicho gari lije kunyonya kwa ratiba kila baada ya miaka michache, limejaa au halijajaa. Dereva alipwe na mamlaka baada ya kufika bwawani, si na mwenye nyumba kabla ya kuondoka uani. Hapo hatakuwa na sababu ya kupitia korongoni.

Ila nina ombi moja, kwamba lisirudiwe la kodi ya majengo, ambapo wapangaji walijikuta wao ndio walipaji kwa sababu wao ndio wanunuzi wa umeme. Karo ni mali ya mwenye nyumba. Kuna wenye nyumba wanaopokea kodi ya miezi sita kwa mkupuo, na choo kikijaa wanawaambia wapangaji wachangishane. Wapangaji nao huanza kuhesabiana vichwa, mwenye watoto watano anasutwa na asiye na mtoto, na wakati wanagombana choo kinaendelea kumwagika uani ambako watoto hao hao wanacheza. Sheria itamke wazi nani analipa.

Kuhusu sheria, hatuna upungufu. Ipo ya Mazingira ya mwaka 2004, ya Afya ya Jamii ya 2009, ya Huduma za Maji na Usafi wa Mazingira ya 2019, na sheria ndogo za halmashauri. Ninachoomba mimi kama fundi ni kitu kidogo kuliko hizo zote: karo lisifunikwe kabla ofisa hajaja kuliona liko wazi. Alijaze maji, alale, kesho yake aangalie kama yamepungua. Yakiwa yamepungua linavuja, fundi arudie lipu kwa gharama yake. Yasipopungua, aandike namba yake kwenye kitabu cha mtaa, ndipo tufunike. Kazi hiyo ni ya siku moja na usiku mmoja, na kijana yeyote aliyesomea afya ya mazingira anaiweza. Je, halmashauri zetu zinaweza kuanza na nyumba zinazojengwa sasa, kabla ya masika yajayo?

Fundi Mwashi,
Tabata, Dar es Salaam.